Nafasi ya Mtu Mmoja

Bodø, 17 Januari 2022

Bwana Joost Terpstra,

Nakurudishia soksi zako. Sijazivaa, wala sijazinusa.

Nilikuandikieni kulalamika kwamba programu yenu, Klepel, inapiga kengele moja mara mbili. Mmenijibu kwa soksi za rangi ya chungwa zenye picha ya kengele, furushi la stika, na kadi uliyoiandika kwa mkono wako: "Gunnvor, wewe ni nyota wa jamii yetu!" Mimi si nyota. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu ninayeandika programu katika ofisi ya wauguzi wa majumbani, na wala sikumbuki kujiunga na jamii yoyote.

Nikueleze, maana inaonekana hakuna aliyekueleza. Huku kwetu kuna wazee wanaoishi peke yao mabondeni. Kila mmoja ana bangili yenye kitufe. Akianguka, anabonyeza, na Klepel yenu ndiyo inayoubeba ule mlio hadi kwenye simu ya muuguzi. Ukilia mara mbili, wauguzi wawili wanaingia kwenye theluji kumwendea mzee mmoja, na mzee mwingine anabaki hana wa kumwendea. Sasa niambie, soksi zinasaidia nini hapo?

Cheo chako nimekiona kwenye kadi: Mtetezi wa Watengeneza Programu. Nani amenishtaki hata nihitaji mtetezi?

Gunnvor Haugland


Utrecht, 2 Februari 2022

Bi Gunnvor,

Soksi zimefika. Nimezivaa mwenyewe, zangu zilikuwa zimetoboka.

Barua yako niliipeleka kwa Femke, fundi anayeijua Klepel ndani na nje, nikaketi mezani kwake. Akaniuliza, "Unataka nini, Joost?" Nikamwambia, "Nataka kengele ya Bodø ilie mara moja." "Ngoja wiki ijayo." "Sina haraka," nikasema, nikatoa mkate wangu nikaanza kula juu ya karatasi zake. Kosa limerekebishwa. Lijaribu, ukiona bado nipe matusi mengine.

Umeuliza kazi yangu. Naeleza hivi kwa mama yangu: kampuni inatengeneza kifaa, watu wa nje wanakitumia kujengea vitu vyao, na mimi nasimama mlangoni. Nawafundisha jinsi ya kukitumia, nahutubia mikutanoni, nasikiliza malalamiko na kuyabeba ndani. Mama anauliza, "Kwa hiyo unalipwa ili uwe rafiki wa watu?" Bado sijapata jibu la kumpa.

Mikutanoni tuna desturi moja ninayoipenda. Watu wakisimama kuzungumza, wanaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye duara. Mgeni akipita anajua pale ni pake. Akiingia, duara linasogea na kufungua nafasi nyingine. Mimi ndiye ninayewafundisha wanaoanza: tazameni mabega yenu, kama yote yanagusana, mmeshamfungia mtu nje.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kila ninachoandika kwenye kompyuta kinahesabiwa: wangapi wamesoma, wangapi wamependa. Hii haitahesabiwa na yeyote.

Joost


Bodø, 20 Aprili 2022

Joost,

Inalia mara moja. Nimeijaribu kwa ukatili nikitafuta sababu ya kukutukana, sikuipata. Nimesononeka.

Ila mama yako amekuuliza swali zuri kuliko maswali yote utakayoulizwa na watu wenye vitambulisho shingoni, nawe umelikwepa. Mimi nitakujibia, utake usitake. Kampuni imegundua kwamba watu hawaamini matangazo, wanaamini watu. Basi inakodi mtu. Inachukua tabasamu lake, jina lake na soksi zake zilizotoboka, inaviweka mbele ya duka. Siku duka likifungwa, tabasamu linabaki barabarani, na sisi tulioliamini tunabaki nalo. Hilo ndilo ninalolipinga. Wewe sina neno nawe, ulikula mkate juu ya karatasi za Femke.

Sijawahi kuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu kazi hii. Ofisini ni mimi peke yangu ninayeandika programu. Saa ya chakula tunafungua vipande vyetu vya mkate na jibini la kahawia, nami nikianza kusema jinsi nilivyoupunguza muda wa mlio, wanaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha Torbjørg wa mapokezi ananiuliza, "Gunnvor, mpenzi, printa inasema haina wino, unaweza kuitazama?" Naitazama. Wananipenda, sikatai. Lakini nikifa watasema nilikuwa hodari wa printa.

Nina swali, na nataka jibu la mtu, si la mlangoni. Wilaya jirani wanataka kuwafungia wazee wao bangili kama zetu. Wana mfumo wa zamani unaotaabika lakini unafanya kazi. Wameniuliza: hiyo Klepel itadumu? Nimewaambia namjua mtu nitamuuliza. Basi nakuuliza.

Gunnvor


Leipzig, hotelini, 11 Mei 2022

Bi Gunnvor,

Itadumu. Nimemuuliza mkurugenzi ana kwa ana, akaniambia sehemu ya bure ya Klepel, hiyo mnayoitumia nyinyi, ndiyo moyo wa kampuni. Nimemwamini. Waambie jirani zako waje.

Leo nimehutubia ukumbi mzima. Walicheka pale ninapotaka wacheke. Baadaye nilisimama kwenye duara hata miguu ikauma, nafasi iko wazi upande wangu wa kulia kama kawaida, na waliingia wengi. Kila aliyeingia aliniuliza kuhusu Klepel. Sisemi vibaya, ndiyo kazi. Ila nilipokuwa napanda lifti nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nimesimama nje ya duara nikatafuta nafasi ya kuingia mimi. Sikukumbuka.

Nyumbani nina mmea mmoja. Jirani alikuwa akiumwagilia nikisafiri, sasa ameuchukua kabisa. Aliniambia kwa upole, "Joost, usinielewe vibaya, lakini unaishi kwangu sasa." Alikuwa anausema mmea.

Barua zako nasafiri nazo. Usicheke.

Joost


Bodø, 9 Oktoba 2022

Joost,

Sikucheka. Nilicheka kidogo, hapo kwenye mmea.

Wilaya jirani wamejiunga. Niliwaendea mwenyewe kuwafungia mitambo. Mtu wa kwanza kuvishwa bangili alikuwa Bi Solfrid wa Langvassli, mwalimu mstaafu wa hesabu anayeishi mwisho kabisa wa barabara. Aliigeuzageuza akasema, "Na hiki kitufe, nikikibonyeza, nani anakuja?" Nikamwambia, muuguzi. "Na anayehakikisha muuguzi anasikia ni nani?" Nikasema, programu ya Waholanzi. Akanitazama kwa miwani yake. "Unawajua hao Waholanzi?" Nikamwambia, namjua mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyosema, Joost. Namjua mmoja.

Februari nakuja mkutanoni Ghent. Ofisi imekubali kunilipia, Torbjørg alinipigania kwa sababu ya printa. Sijawahi kwenda kwenye mikutano yenu hiyo. Nitakutafuta. Nitaingia kwenye hilo duara lako na kukuuliza swali gumu mbele ya wote, uaibike.

Na kwa nini hujaandika tena tangu Mei? Nasikia mtandaoni kwamba mafundi wenu wawili wameondoka. Mambo yako sawa?

Gunnvor


Utrecht, 28 Novemba 2022

Bi Gunnvor,

Samahani kwa ukimya. Kumekuwa na kazi nyingi. Mvua hainyamazi hapa, baiskeli yangu imeota kutu kwenye mnyororo. Femke amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Jikke.

Nitakuwepo Ghent. Nitahutubia asubuhi kuhusu mustakabali wa Klepel.

Ukipata nafasi, daima ni vizuri kwa mfumo wowote kuwa na njia mbadala. Nasema kwa ujumla tu, kwa programu zote duniani.

Jifunike vizuri, najua kwenu jua siku hizi halikawii kuzama.

Joost


Ghent, 4 Februari 2023

Bwana Terpstra,

Naandika kwenye benchi la stesheni, bila glavu, maana nyinyi huku baridi hamuijui.

Nilisikia hotuba yako. Slaidi zako nzuri. "Tunajenga pamoja nanyi," ulisema. Nilipiga makofi.

Kisha nikakukuta karibu na birika la kahawa. Umesimama na kundi lako, na upande wako wa kulia pana nafasi, kama ulivyoniandikia. Nikasema moyoni: pale ni pangu. Nimepanda ndege mbili na treni kuja kusimama pale. Nikainua mkono. Ukaniona. Usiniambie hukuniona, ulitamka jina langu, nilisoma midomo yako. Ukapiga hatua moja kuelekea kulia, na bega lako likagusana na la yule kijana mwenye ndevu.

Ukafunga.

Nilisimama nyuma ya migongo yenu na kikombe mkononi kama mtoto ambaye hakuchaguliwa kwenye mchezo. Mmoja akasema, "Joost, tupe ile ya jirani na mmea!" Ukawapa. Wakacheka. Mimi nilidhani ile ni yangu.

Sasa nimeelewa. Nilikuandikia mimi mwenyewe kwamba kampuni inakodi tabasamu la mtu, halafu nikaja kusimama mbele ya tabasamu nikingoja linikaribishe. Mjinga ni mimi. Barua kwa kalamu ni soksi zilizoshonwa vizuri zaidi, basi.

Jumatatu naing'oa Klepel katika kila simu na kila bangili ninayoisimamia. Sitaki hata harufu yenu. Itanichukua wiki nyingi, na nitafurahia kila saa.

Usiniandikie.

G. Haugland


Utrecht, 12 Aprili 2023

Bi Gunnvor,

Umesema nisikuandikie, lakini sasa naweza kusema, na wewe ndiye wa kwanza ninayetaka kumwambia: asante kwa kunielewa.

Niliambiwa Novemba. Sehemu ya bure ingefungwa mwisho wa Machi, wanaolipa wangepewa hadi kiangazi, na timu yetu yote ingeachishwa. Tulisaini karatasi ya kunyamaza. Mmoja wetu akisema neno nje, wote tunakosa kiinua mgongo, na Femke alikuwa na mimba ya miezi minane. Hata hivyo walinitaka nipande jukwaani Ghent na kusema "tunajenga pamoja nanyi". Nikapanda. Wale ukumbini walikuwa umati, na umati nimezoea.

Lakini nilipokuona umeinua mkono, nilijua ungeingia, ungeniuliza kama mambo yako sawa, nami ningesema ndiyo mbele ya macho yako. Kwako nisingeweza. Nikafunga. Nilijiambia: huyu mwanamke ni mwerevu kuliko sote, na anaijua desturi yetu kwa sababu nilimwandikia mwenyewe. Akiona Joost amefunga duara, atajua nyumba inaungua.

Na ulijua. Siku ya mwisho, kabla hawajachukua kompyuta yangu, niliwatafuta wazee wako wa Bodø kwenye Klepel. Hawakuwepo hata mmoja. Ulikuwa umewatoa wote salama. Nililia chooni kwa furaha, Bi Gunnvor, mtu mzima na akili zangu.

Sasa nipo nyumbani. Simu hailii. Watu wote wale wa kwenye duara, nilidhani angalau mmoja angeuliza habari. Ni haki yao, walikuwa wanazungumza na Klepel.

Joost


Bodø, 3 Mei 2023

Joost,

Sikuelewa kitu.

Soma tena sentensi hiyo kabla hujaendelea. Sikuelewa kitu chochote. Niliona mtu niliyempenda akinifungia nje, nikakasirika, nikang'oa programu yake kwa hasira kama mtu anayetupa nguo za mume dirishani. Wazee wangu waliokolewa na kisirani changu. Bangili zao zililia Aprili yote kwa sababu mimi ni mwanamke mwenye hasira mbaya, hakuna sababu nyingine.

Lakini hasira haimpigii jirani simu. Umelifikiria hilo? Mtu aliyeonywa hukimbia akiwagongea wengine milango. Mtu aliyetukanwa hujifungia ndani. Ungenipa neno moja ("ondoka") ningewapigia wilaya jirani siku ileile. Sikuwapigia. Niliona aibu kuwaambia kwamba yule Mholanzi mmoja niliyemjua, kumbe simjui.

Tangazo lenu la kufunga lilitumwa kwa barua pepe ya mtu wa wilaya hiyo aliyestaafu tangu Krismasi. Hakuna aliyelisoma. Tarehe mbili Aprili Bi Solfrid wa Langvassli aliteleza jikoni akavunja nyonga. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Alilala sakafuni usiku kucha akibonyeza, hadi mleta magazeti alipoona taa inawaka asubuhi.

Yu hai. Yuko hospitali, nimetoka kumtazama. Nilimweleza kila kitu, sikujitetea wala sikukutetea. Akanisikiliza, akasema, "Kwa hiyo alijua, na akakuonyesha bega?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ulielewa bega lakini vibaya?" Ndiyo, Bi Solfrid. Akafunga macho. "Mwambie huyo bwana sakafu ilikuwa baridi."

Nakufikishia.

Najua kuhusu Femke. Najua na karatasi uliyosaini, najua walioiandika ni waoga kuliko wewe, walilala vizuri usiku ule na majina yao hayako kwenye barua yoyote. Siku nyingine nitawashukia, usiwe na shaka. Lakini wao sikuwaandikia barua kwa kalamu. Nilikuandikia wewe. Nilikuomba jibu la mtu, nawe, ulipokuwa na jibu la mtu, ukanipa fumbo. Ukimya wako ulitaka uhesabiwe kama neno. Haukuwa neno.

Gunnvor


Utrecht, 30 Mei 2023

Bi Gunnvor,

Sina la kujitetea.

Kabla sijaondoka nilikuwa nimeshika kichwani majina mengi ya watu wadogo wanaotumia Klepel, wale wasiosoma matangazo. Wanaolipa watafungiwa kiangazi hiki, na wengi bado hawajui. Shule moja ya viziwi kule Groningen inayowashia watoto taa kwa Klepel. Kituo cha uokoaji cha kujitolea huko Jutland. Karatasi inasema nisizungumze na mteja yeyote kwa mwaka mzima.

Nimeanza kuwapigia. Femke nilimuuliza kwanza, kwa sababu ya fedha zake. Akasema, "Zimeshaingia benki, Joost. Zako je?" Zangu bado. "Basi utakula mkate mezani kwangu," akasema, mtoto analia nyuma yake.

Nasema: jina langu ni Joost, nilikuwa mtu wa Klepel, ondokeni kabla ya Julai. Wengine wanadhani nauza kitu. Mmoja alinitukana kwa Kideni, nilielewa yote. Nawapigia tena kesho yake.

Tafadhali niambie chumba cha Bi Solfrid hospitali. Sitatuma soksi.

Joost


Bodø, 21 Agosti 2023

Joost,

Yuko nyumbani sasa, anatembea na gongo na kuwagombeza wauguzi. Barua yako ameipata. Ameisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya ualimu. Nilimuuliza amekupa ngapi. "Bado nasahihisha," akasema. Kwa Solfrid hiyo si dalili mbaya.

Mtu wa kituo cha Jutland ameandika mtandaoni kwamba kuna kichaa wa Kiholanzi aliyempigia mara tatu hata akahamisha kengele zake ili apate usingizi. Nilisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Wakikunyima kiinua mgongo kwa hilo, niambie, kalamu yangu ina wino kuliko printa ya ofisi.

Sijakusamehe. Nataka lijulikane, ili usije ukadhani barua hii ni ishara ya kitu kingine. Wewe na mimi tumemaliza na ishara. Kuanzia leo tunasema kwa maneno, hata yakiwa machungu, hata yakiwa ya kijinga.

Kwa hiyo nasema kwa maneno. Mwezi Oktoba kuna mkutano mdogo Trondheim wa watu wanaotengeneza kengele za wazee. Hakuna jukwaa la maana, kahawa ni mbaya, na hakuna atakayejua wewe ni nani, wala hakuna atakayekuuliza kuhusu Klepel. Wilaya jirani watakuja. Wana hasira nawe, na wana haki. Sitawazuia kusema.

Nitasimama nao karibu na dirisha. Mimi si mtu wa desturi zenu, miguu inaniuma na watu wananichosha. Lakini bega langu la kushoto halitagusana na la mtu yeyote. Ukichelewa, nitaendelea kusimama hivyohivyo.

Gunnvor